Mwuaji hakuwa yule niliyemwaza



Wengi wameniuliza sababu gani juma lililopita kapita mwenyewe alikutwa na tochi chini ya blanketi, na ni yeye anayewazimia wengine taa. Ni kweli, nilikosa. Kisa chake ni kitabu: Mzimu wa Watu wa Kale. Kaka yangu alikileta toka Kigoma.

Mwandishi ni Muhammed Said Abdulla, mtu wa Unguja. Hadithi hii ilishinda shindano la kutunga hadithi la 1957-1958, ikachapwa 1960. Kiswahili chake si hiki chetu cha Kalima. Kurasa za kwanza nilisoma polepole sana. Hata neno mzimu: kwetu mizimu ni roho za wazee waliokufa, lakini mule ni mahali penyewe watu wanapokwenda kuomba. Hapo ndipo tajiri mmoja, Bwana Ali, anakutwa amekufa.

Sasa angalieni namna mwandishi anavyokushika. Watu wanaogopa mzimu, na woga unafunga midomo. Nani atauliza roho maswali? Bwana Msa, na kiko chake kinywani, haulizi roho. Anauliza watu, anapima maneno yao, anatafuta kitu kisichokaa mahali pake. Rafiki yake Najum yuko karibu naye, anaona yale yale lakini haelewi, kama Watson na Sherlock Holmes katika vitabu vya Conan Doyle wa Uingereza. Sisi wasomaji tunatembea na Najum. Tunaonyeshwa mambo, ila macho yetu yanavutwa upande mwingine.

Mimi, katikati ya kitabu, nilikuwa nimekwisha kumfunga mtu wangu. Ushahidi sina, sikupenda tu namna anavyosema. (Jina silitaji, nisiwaharibie utamu.) Kumbe si yeye! Nilifunga kitabu, na usingizi ukakataa.

Maana nilikumbuka mwaka jana. Franga za mtoto mmoja wa kwetu bwenini zilipotea. Mimi nilionyesha kidole kwa kijana mmoja mnyamavu, mgeni, ambaye wenzake walikuwa wanasema ana uchawi wa kwao. Sikuuliza nani aliingia, wala nani aliziona mara ya mwisho. Juma nzima hakuna aliyekula naye sahani moja. Kiisha franga zikaonekana ndani ya daftari ya mwenyewe, alimozificha akasahau. Sisi tulicheka, tukaona maneno yamekwisha. Lakini yule kijana tangu siku ile anakula peke yake, na mimi kapita nilikuwa napita karibu naye kila jioni bila kuona kitu.

Juzi nilimfuata mtoni, nikamwomba musamaha. Alifua shati lake mpaka mwisho, bila neno. Kisha akauliza kama ninaweza kumwazima kile kitabu cha tochi.

Kitabu kiko kwake sasa. Mwenye kukitaka amngojee amalize.