Kigali: Familia ndiyo huamua usafiri

Ukivuka Rusumo na mzigo wako hadi Kigali, utaona pikipiki za kukodi kila kona. Sheria huruhusu abiria mmoja tu kwa kila pikipiki. Kijana asiye na familia hupanda na kwenda zake, nyingine sasa ni za umeme. Lakini niliona akina mama wenye watoto wawili wakisubiri basi au wakipanda vilima kwa miguu, mdogo akiwa mgongoni. Mwenye gari huliacha Jumapili zile ambazo baadhi ya barabara hufungwa, utaratibu ulioanza mwaka 2016. Kumbe anayechafua hewa kidogo zaidi ndiye asiye na la kuchagua. Kwa maoni yangu, basi la uhakika lianze kwa mama huyo.