Kabla Hujanunua Presi ya Kubadilishia Beringi za Magurudumu

Dereva anayebeba mawe ya sabuni kutoka Tabaka, au ndizi kutoka Keroka hadi soko la Daraja Mbili, anaijua sauti hii: mngurumo mzito unaoongezeka kadiri gari linavyoongeza mwendo. Mara nyingi hiyo ni beringi ya gurudumu iliyochoka. Mizigo mizito, mashimo, matope na mvua yetu ya mara kwa mara huzimaliza beringi mapema. Ikipuuzwa, gurudumu hulegea, na mwishowe linaweza kushika au kuchomoka gari likiwa kwenye mteremko.

Kwa sababu hiyo baadhi ya wenye magari na vikundi vya mafundi hufikiria kununua presi ya haidroliki ili kazi hiyo ifanyike nyumbani au kwenye kibanda chao. Makala haya yanaeleza ni nani anayeihitaji, achague ya aina gani, na aitumie vipi bila kujiumiza.

Hakikisha kwanza tatizo ni beringi

Endesha polepole mahali salama na usikilize unapokata kona. Mngurumo ukizidi gari linapokata kulia, shuku gurudumu la kushoto, kwa kuwa ndilo linalobeba uzito zaidi wakati huo. Ukizidi linapokata kushoto, shuku la kulia. Kisha inua gari kwa jeki, liegemeze kwenye stendi, ushike gurudumu juu na chini na ulitikise. Likicheza, au likikwaruza unapolizungusha kwa mkono, beringi imekwisha. Fundi athibitishe, maana viungo vya usukani vilivyolegea navyo hufanya gurudumu licheze.

Beringi yako ni ya aina gani?

Si kila beringi inahitaji presi. Kuna aina tatu kuu.

Ya kwanza ni ile iliyofungwa pamoja na habu yake na kushikwa kwa boliti. Nyuma ya magari mengi madogo ya Toyota yasiyo na mvuto wa magurudumu manne, kama Probox na Vitz, hutumia aina hii. Unafungua boliti, unatoa nzima, unaweka nyingine. Presi haihitajiki.

Ya pili ni ile inayosukumwa kwa nguvu ndani ya nako, yaani kile chuma kizito kinachobeba gurudumu na kushika breki. Magurudumu ya mbele ya magari hayo hayo hutumia aina hii. Hapa ndipo presi inapohitajika.

Ya tatu ni beringi ndogo za pikipiki. Hizi huingia kwa kugongwa taratibu, soketi ikikaa juu ya ringi ya nje peke yake. Mwenye bodaboda hana haja ya presi kubwa.

Piga hesabu

Uliza bei ya presi, kisha uigawe kwa malipo ambayo fundi mwenye presi hutoza kwa gurudumu moja. Tuseme presi ni shilingi 45,000 na malipo ni shilingi 1,000. Utalazimika kubadilisha beringi 45 kabla pesa zako hazijarudi. Gari lenye beringi mbili za kusukumwa huko mbele lingehitaji kubadilishiwa zote zaidi ya mara 22. Hakuna familia yenye gari moja inayofika hapo.

Kwa hivyo mwenye gari moja anaweza kufungua nako nyumbani, akaipeleka kwenye gereji yenye presi nzuri, kisha akairudisha mwenyewe. Wanaofaidika kwa kununua presi ni kikundi cha mafundi, chama cha wenye teksi, au gereji ya soko inayopata kazi hiyo kila wiki.

Presi gani inafaa?

Nguvu. Presi ndogo ya tani 6 hukwama mara nyingi kwenye beringi iliyoshika kutu. Ya tani 12 hufanya kazi nyingi za magari madogo. Ya tani 20 inayosimama sakafuni ndiyo inayofaa kikundi, kwa sababu beringi ya zamani hudai nguvu nyingi zaidi kutoka kuliko mpya inavyodai kuingia. Usinunue tani nyingi kwa ajili ya sifa tu. Presi kubwa ni nzito na hutaka sakafu imara.

Fremu. Angalia kama nako ya gari unalolihudumia itaingia kati ya nguzo mbili, pamoja na mikono yake yote. Beba nako kuukuu uende nayo dukani kupimia. Meza iwe na pini za kuipandisha na kuishusha, na isiyumbe. Fremu iliyounganishwa kwa vyuma chakavu na jeki ya gari si presi. Inaweza kupinda au kufumuka ikiwa na nguvu ya tani kadhaa.

Geji. Chagua presi yenye geji ya kuonyesha nguvu. Sindano ikipanda sana na beringi haisogei, geji inakuonya kuwa kitu kimekwama, au umesahau ringi ya kufungia.

Vibao vya chini. Presi nyingi huja na vibao vya chuma cha kusubu. Chuma hicho hakipindi kwanza. Hupasuka ghafla na vipande vikaruka. Ni heri kuweka vibao vinene vya chuma cha pua au chuma laini.

Kuna pia seti ya skrubu, bakuli na nati, ambayo husukuma beringi nako ikiwa bado kwenye gari. Hubebeka, na humfaa fundi anayeitwa nyumbani kwa mteja. Kasoro yake ni kwamba hutaka mikono yenye nguvu, na kutu nyingi huishinda.

Nguvu ipite kwenye ringi inayofaa

Beringi mpya zinazoanza kulia baada ya wiki chache mara nyingi huwa zimeharibiwa siku ya kufungwa. Beringi ina ringi ya nje, ringi ya ndani, na mipira katikati. Ukiisukuma kwenye nako, nguvu ipite kwenye ringi ya nje pekee. Ukiingiza habu ndani ya beringi, egemeza ringi ya ndani kutoka chini. Ukikosea, nguvu yote hupitia kwenye mipira, nayo huacha mashimo madogo yasiyoonekana kwa macho. Ndiyo sababu kuigonga kwa nyundo hakufai.

Safisha kutu kwenye tundu la nako kabla ya kusukuma. Hakikisha beringi imesimama wima, na ukiona inaenda upande, simama uanze upya. Habu ikitoka na ringi ya ndani ya beringi ya zamani, itoe kwa kivuta beringi bila kuikwaruza habu. Rudisha ringi ya kufungia mahali pake. Baadhi ya beringi zina sumaku upande mmoja kwa ajili ya sensa ya breki za ABS. Upande huo ukae palepale ulipokuwa, na usiguswe na presi wala nyundo.

Mwisho, nati ya ekseli ikazwe kwa spana ya kupimia. Magari mengi madogo ya Toyota hutaka takriban Nyutoni-mita 216 kwa nati ya mbele, lakini fuata kipimo cha kitabu cha gari lako. Usikadirie kwa nguvu za mkono.

Usalama wako

Boma zetu nyingi ziko kwenye mteremko. Usifungue gurudumu hapo. Tafuta mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu mengine, na utumie stendi, si mawe wala matofali. Presi nayo isimame kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, ikiwezekana ifungwe kwa boliti.

Vaa miwani ya kinga. Simama kando, usisimame mbele ya kitu kinachosukumwa. Usiingize mkono kati ya presi na nako, na usigonge kwa nyundo kitu ambacho tayari kinashikiliwa na nguvu ya presi. Watoto wakae mbali. Mwenye gereji aliyeajiri watu akumbuke kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka awalinde wafanyakazi wake.

Beringi yenyewe

Presi nzuri haiokoi beringi bandia. Soma namba iliyochapwa kwenye beringi ya zamani na ununue inayolingana nayo. Kwa mfano, beringi ya namba 6202 ina tundu la milimita 15, upana wa nje wa milimita 35 na unene wa milimita 11. Ukipewa nyingine isiyolingana, irudishe. Nunua kwa mwenye duka anayetoa risiti, na uihifadhi. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia ya 2008.

Kujifunza kazi hii

Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwa serikali za kaunti. Kijana anayetaka kazi hii aulize katika chuo kilicho karibu naye kuhusu masomo ya umekanika wa magari. Fundi aliyejifunzia kazi kibandani anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa NITA ili ujuzi wake utambuliwe kwa cheti.

Kabla ya kutoa pesa, basi, jiulize mambo matatu: beringi yangu ni ya aina gani, nitaitumia presi mara ngapi, na ni nani atakayeiendesha? Majibu yakionyesha kwamba huihitaji, peleka nako yako kwa fundi mwenye presi na ujuzi, usimame kando, na umwombe akuonyeshe ni ringi ipi anayoisukuma.