Swali Kutoka Mafiga: Ninunue Darubini Kubwa Zaidi?



Tumepokea swali la kijana wa Pemba anayesoma Morogoro na kuishi Mafiga. Anayo darubini ndogo yenye lenzi ya milimita 70, na ameweka akiba ili aiuze na kununua kubwa zaidi. Anataka kutazama nyota na sayari, na akirudi nyumbani aitumie pamoja na wazee wake kuangalia mwezi mwandamo. Baadhi ya jamaa wanamwambia hiyo ni israfu, wengine wanamwambia ni unajimu. Kwa kuwa familia nyingi visiwani zina vijana wenye hamu kama hii, tumeona tujibu kwa urefu kidogo.

Je, ni unajimu?

Visiwani kwetu neno falaki limebeba maana mbili. Ipo ile ya kupiga falaki, mtu atazamiwe nyota yake aambiwe habari ya ndoa, safari au aliyemwibia. Hiyo ni haramu, kwani mambo ya ghaibu Anayajua Allaah peke Yake. Na ipo elimu ya mwendo wa jua, mwezi na nyota, ambayo kwayo tunajua nyakati za Swalah, Qibla na hesabu ya miezi. Mabaharia wetu walivuka bahari kwa nyota, na wakulima walikitazama Kilimia kabla ya kushika jembe. 'Abdur-Rahmaan As-Swuufiy aliandika kitabu chake cha nyota mwaka 964, na humo akalitaja wingu dogo ambalo leo linajulikana kuwa ni galaksi ya Andromeda. Wakati huo darubini haikuwepo. Basi kijana anayetazama mbingu ili azijue na azidi kumtukuza Muumba wake hana ubaya wowote.

Je, ni israfu?

Hapa aanze kuziuliza haki za wengine. Akiba hii isiwe ada ya chuo, deni la mtu au matumizi ya wazazi. Haki hizo zikishatimizwa, mali yake ni halali kwake. Lakini israfu huja pia kwa mlango mwingine, nao ni kununua chombo ghali kisichofaa kazi iliyokusudiwa. Kwa hiyo tueleze kidogo namna darubini inavyofanya kazi.

Usidanganywe na maandishi ya boksi

Darubini nyingi za bei nafuu huuzwa kwa kutangaza kwamba zinakuza mara mia tano au zaidi. Hiyo si sifa ya kununulia. Kazi ya kwanza ya darubini ni kukusanya mwanga, na kinachoukusanya ni upana wa lenzi au kioo chake. Kioo cha milimita 150 kinakusanya mwanga zaidi ya mara nne kuliko lenzi ya milimita 70, ingawa kipenyo chake ni kama mara mbili tu.

Ukuzaji wenyewe unapatikana kwa hesabu nyepesi. Gawanya urefu wa fokasi wa darubini kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Darubini ya milimita 700 ikiwekewa lenzi ya jicho ya milimita 10, inakuza mara 70. Kikomo chenye manufaa ni takriban mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani mara 140 kwa darubini ya milimita 70. Ukipita hapo, unachokuza ni ukungu na mtikisiko. Pete za Zohali huonekana kwa ukuzaji wa mara 50 hivi, na miezi minne mikubwa ya Mshtarii huonekana kwa ukuzaji mdogo kuliko huo. Mara nyingi anayeilalamikia darubini yake ndogo anahitaji lenzi bora ya jicho na miguu isiyotikisika, si darubini mpya.

Unatazamia wapi?

Mafiga ipo ndani ya Manispaa ya Morogoro, kwenye taa za mji. Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vinapita mita 2,600, imesimama upande wa kusini na mashariki na hukusanya mawingu. Darubini kubwa haiondoi taa wala mawingu. Mwezi, sayari na nyota pacha vitaonekana vizuri hapo mjini, lakini galaksi hafifu zitataka safari ya kwenda penye giza. Kwa hiyo chagua chombo unachoweza kukibeba. Kilicho kizito mno kitabaki uvunguni.

Tazama na kitako chake. Vipo vitako ambavyo mhimili wake hulazimika kuelekezwa kwenye ncha ya anga. Ulaya ncha hiyo ipo juu sana. Mafiga ipo takriban nyuzi 7 tu juu ya upeo wa kusini, upande wenye milima, na Pemba ni nyuzi 5. Vingi vya vitako hivyo vimetengenezwa kwa nchi zilizo mbali na ikweta na havishuki kiasi hicho. Kwetu kinafaa zaidi kitako kinachokwenda juu na chini, kushoto na kulia. Mmarekani John Dobson alieneza aina rahisi ya kitako hicho, cha sanduku la mbao, ambacho hata fundi seremala wetu anaweza kukitengeneza.

Mwezi mwandamo una masharti yake

Hilali hukaa chini, karibu na upeo wa magharibi, katika anga ambayo bado ina mwanga. Kwetu, kwa kuwa tupo karibu na ikweta, jua huzama kwa haraka na hilali huonekana imelala kama mtumbwi. Kinachohitajika ni uwanja mpana wa kuona, ukuzaji mdogo wa mara 20 au 30, miguu imara na magharibi iliyo wazi, kama ufukwe wa magharibi wa Unguja au Pemba. Kwa kazi hii darubini ya milimita 70 inatosha kabisa. Na mwezi ukiwa chini ya takriban nyuzi 7 kutoka kwenye jua, hilali haionekani kwa jicho hata darubini iwe kubwa namna gani.

Ama hukmu yake, Baraza la Wanachuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliamua mwaka 1403 Hijri kwamba mwezi ukionekana kweli kwa darubini utakubaliwa. Baraza la Fiqhi la Kiislamu, katika kikao chake cha Amman mwaka 1986, lilisema tegemeo ni kuuona mwezi, na hesabu na vituo vya kutazamia anga ni vya kusaidia. Darubini inasaidia jicho tu. Ushahidi unabaki kuwa wa mtu mwadilifu. Anayeuona aeleze kwa ukweli ameuona wapi, saa ngapi na kwa chombo gani, na aufikishe ushahidi wake Ofisi ya Mufti kabla ya kuutuma kwenye simu za watu. Saumu za watu ni amana.

Tahadhari ya jua

Usiielekeze darubini magharibi kabla jua halijazama lote. Mwanga wa jua kupitia lenzi huunguza jicho mara moja, na mtu hasikii maumivu. Tunasisitiza hili kwa sababu tarehe 2 Agosti 2027 litapatwa jua. Makka litafunikwa lote, na kwetu litafunikwa sehemu. Kichujio cha jua huwekwa mbele ya darubini, kamwe kisiwe kile kidogo cha kubandika kwenye lenzi ya jicho.

Muhtasari wa nasaha yetu

Ndugu yetu, usiiuze darubini yako ndogo. Ipeleke Pemba, kwani kwa mwezi mwandamo ndiyo inayofaa. Ukiwa huna deni la mtu na ada imelipwa, nunua ya kioo cha milimita 130 au 150 yenye kitako rahisi kwa ajili ya sayari na nyota. Iache ikauke umande kabla ya kuifunika, na usikifute kioo mara kwa mara. Kisha waite wadogo zako na jirani zako nao watazame.

Na Allaah Anajua zaidi.