Scrooge Alibadilikaje? Somo la Krismasi kwa Vikundi Vyetu

Mtu mchoyo sisi humwita mkono wa birika. Waingereza humwita Scrooge. Jina hili limetoka katika hadithi ya Krismasi ya Charles Dickens, iliyotolewa London tarehe 19 Desemba 1843. Wengi wanaijua juu juu tu: tajiri mchoyo alitokewa na roho usiku, kesho yake akanunua bata mzinga. Tukiishia hapo, tumekula ganda na kuacha embe.

Kwa nini iliandikwa

Dickens aliujua umaskini. Mwaka 1824, akiwa na miaka 12, alifanya kazi katika karakana ya rangi ya viatu, na mwaka huo huo baba yake akafungwa gereza la Marshalsea kwa sababu ya madeni. Mwaka 1843 alisoma ripoti ya serikali juu ya watoto waliofanyishwa kazi migodini na viwandani. Alitaka kuandika kijitabu cha kulalamika, halafu akaona hadithi itagusa watu zaidi.

Hadithi yenyewe

Scrooge alikuwa mfanyabiashara na mkopeshaji. Karani wake, Bob Cratchit, alilipwa shilingi 15 kwa wiki, na ofisini alitetemeka kwa baridi. Watu walipokuja kuomba mchango wa maskini, Scrooge aliwauliza kama magereza yamefungwa.

Mkesha wa Krismasi alitokewa na Marley, mshirika wake aliyekufa miaka saba nyuma. Marley alikuwa akiburuta mnyororo wa visanduku vya pesa, funguo, kufuli na vitabu vya hesabu. Huo mnyororo aliutengeneza mwenyewe, pingili kwa pingili, alipokuwa hai.

Kisha zikaja roho tatu. Ya kwanza ilimkumbusha utoto wake wa upweke, na mchumba aliyemwacha kwa kuwa pesa ilichukua nafasi yake. Ya pili ilimpeleka nyumbani kwa Cratchit, akamwona Tim, mtoto mgonjwa anayetembea kwa mkongojo. Pia ilimwonyesha watoto wawili waliokonda, Ujinga na Uhitaji. Alipouliza kama hawana pa kukimbilia, roho ikamrudishia maneno yake mwenyewe ya magereza. Ya tatu ilimwonyesha siku za mbele: Tim amekufa, na Scrooge pia. Wa kuguswa na kifo cha Scrooge walikuwa mume na mke waliokuwa na deni lake, nao walipata nafuu, kwa maana sasa wangepata muda wa kutafuta pesa. Hebu fikiria!

Maana yake kwetu

Scrooge hakubadilika kwa machozi peke yake. Alimwongezea karani mshahara, akaisaidia familia yake, na Tim akaishi. Kwa wale waomba mchango alitoa pesa nyingi, akasema ndani yake kuna malimbikizo ya miaka ya nyuma. Akaenda pia kula na mpwa wake ambaye alikuwa amemkataa. Ni kama Zakayo katika Luka 19: toba yake ilionekana kwenye hesabu.

Desemba ndipo vikundi vingi hufunga vitabu na kugawana faida. Ndipo pia mwenzetu aliyechelewa kulipa huanza kukwepa mikutano. Je, tumemtembelea kujua shida ni nini, au tumemwandikia faini tu? Kikundi kinaweza kudai haki yake yote na bado kikawa kinaburuta mnyororo wa Marley.

Hatusemi deni lifutwe ovyo. Pesa ya kikundi ni jasho la wote, na kusamehe kiholela huwaumiza wanaolipa. Lakini kumwongezea muda mwenye mgonjwa nyumbani, kugawanya deni katika malipo madogo madogo, au kusimamisha faini kwa miezi michache, hayo yanawezekana. Yajadiliwe na wanachama wote, yaandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nani katika kikundi chetu anaogopa kuja mkutanoni, na kwa nini?
2. Tunaowaajiri shambani au nyumbani, tunawalipa vizuri na kwa wakati?
3. Kabla ya kugawana faida, tutafanya nini kwa mwenzetu aliyekwama?

Jibuni swali la tatu kabla pesa hazijafika mezani. Zikishafika, ni vigumu kusikilizana.