Taharuki si Mshangao: Funzo kutoka Tamthilia za Mwanzo za Runinga

Taharuki ni hali ya hadhira kuwa na shauku na wasiwasi wa kutaka kujua kitakachotokea. Neno hili lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kusogea au kutikisika. Ndiyo maana husemwa mtu ametaharuki anapopoteza utulivu. Hata hivyo, wanafunzi aghalabu huichanganya taharuki na mshangao.

Tutoe mfano. Nahodha anatweka tanga kisiwani Rongui, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado, kuelekea Vamizi. Dau likizama ghafla, hadhira itashangaa. Lakini ikiwa usiku uliotangulia hadhira ilimwona hasimu wake akichomoa kalafati kwenye mbao za dau, kila wimbi litaiweka roho juu. Tofauti ni kwamba sasa hadhira inajua asichokijua nahodha.

Tamthilia za mwanzo za runinga nchini Australia zinaonyesha jinsi mbinu hii isivyohitaji gharama kubwa. Matangazo ya kawaida ya runinga yalianza huko mwaka 1956, katika miji ya Sydney na Melbourne. Shirika la utangazaji la taifa, ABC, lilirusha tamthilia zikiigizwa papo hapo studioni. Aliyekosea hakuwa na nafasi ya kurudia. Kwa kuwa studio zilikuwa finyu, tamthilia yenye mandhari ya chumba kimoja au viwili ilifaa zaidi.

Tamthilia ya namna hiyo ni *Sorry, Wrong Number* ya Lucille Fletcher wa Marekani, iliyosikika kwanza redioni mwaka 1943, na ambayo runinga ya Australia nayo iliionyesha katika miaka ya 1950. Mwanamke mgonjwa yuko kitandani. Anapiga simu, laini zinaingiliana, naye anasikia wanaume wawili wakipanga mauaji ya usiku huohuo. Anaomba msaada, lakini hachukuliwi kwa uzito. Saa zinasonga, na hadhira inaanza kumtambua mlengwa kabla yake.

Kwa hiyo, mwanafunzi anapohakiki taharuki, asiishie kuandika kwamba "kisa kinasisimua". Ajiulize: Nani anajua nini? Nani hajui? Umebaki muda gani? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayomwonyesha jinsi mwandishi alivyoijenga taharuki.