Sataranji: Kanuni zinazowaangusha wageni mashindanoni

KIJANA wa mtaa wa Langas, mjini Eldoret, aliyezoea kuwabwaga wenzake katika drafti ya vizibo vya chupa, anaweza kudhani kwamba atatamba vivyo hivyo katika mashindano ya klabu za sataranji. Akili anayo. Kinachomwangusha mara nyingi ni kanuni.

Ya kwanza inahusu kugusa. Sheria za FIDE, shirikisho la kimataifa lililoundwa jijini Paris mwaka 1924, zinasema kuwa anayegusa kete yake kwa makusudi sharti aisogeze iwapo ina njia halali. Akigusa ya mpinzani, sharti aile ikiwezekana. Mtaani kete hurudishwa kwa kicheko. Mashindanoni, malkia aliyeguswa kwa pupa huenda akapotea, na ushindi pamoja naye. Anayetaka tu kuinyoosha kete hutangaza kwanza kwamba anairekebisha.

Ya pili ni saa. Kila mchezaji ana muda wake, na akishacheza huibonyeza saa ili muda wa mwenzake uanze kuhesabiwa. Ukimwishia, hushindwa hata kama anaongoza kwa kete. Huponea sare tu iwapo mpinzani hana njia yoyote halali ya kumnasa mfalme wake.

Ya tatu, ambayo wengi huidharau, ni kuandika kila hatua katika michezo ya muda mrefu. Mpangilio uleule ukitokea mara tatu, zamu ikiwa ya mchezaji yuleyule, yeye anaweza kudai sare. Aliyekuwa akielekea kushindwa hujiokolea nusu alama. Lakini asiyeandika atamthibitishiaje mwamuzi? Isitoshe, karatasi hiyo ndiyo humwonyesha baadaye alikokosea.

Umaskini si kizuizi cha kujifunza haya. Phiona Mutesi, aliyekulia Katwe, mtaa wa mabanda jijini Kampala, alifunzwa na kocha Robert Katende, na mwaka 2012 akajipatia cheo cha FIDE katika Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul, Uturuki.

Kwa hivyo, anayewafunza vijana Langas asingoje siku ya shindano. Ubao mmoja, daftari na kalamu vinatosha kuanzia, na pasipo saa ya mchezo, programu ya simu hufanya kazi hiyo. Jambo la lazima ni moja: kete iliyoguswa isirudishwe, hata katika mchezo wa kirafiki.