Mkunazi: Tunda la Watoto, Jani la Maiti

Ni nani aliyekulia pwani asichomwe na miiba ya mkunazi? Watoto huutikisa, kunazi zilizoiva zikaanguka mchangani wakazigombea. Zinazosalia huanikwa juani zikawekwa akiba. Lakini mti huu si wa watoto peke yao. Majani yake yakipondwa na kuvurugwa majini hutoa povu kama sabuni, na Mtume (s.a.w.) alipofiwa na binti yake aliwaamuru wanawake wamwoshe kwa maji na sidiri, ambayo kwetu ndiyo mkunazi. Leo twaukata tupate kiwanja na kuni, kisha msiba ukitufika usiku twabisha hodi nyumba hata nyumba tukiomba majani. Mtaani petu umebaki mmoja tu, wa ajuza aliyewakatalia wanawe wasiukate.